Abhay: Usiogope Kulitaja Deni Lako

(Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa hekalu, Tanga, jioni ya pili ya maadhimisho)



Tumeombwa tuzungumze juu ya deni. Ratiba ilipotolewa, baadhi ya wenzetu waliuliza kwa nini mada kama hii iwekwe baina ya bhajan na chakula cha jioni, tena mbele ya wageni. Tunawaelewa. Kwetu sisi mtu huweza kuzungumza hadharani juu ya sukari na shinikizo la damu, akataja mpaka dawa anazomeza, lakini deni lake hamwambii hata ndugu yake wa tumbo moja. Na hilo ndilo lililotuleta mbele yenu.

Katika mafundisho yetu, binadamu huzaliwa akiwa tayari anadaiwa. Ana deni kwa Miungu, ana deni kwa waonaji wa kale waliomwachia elimu, ana deni kwa wahenga waliomleta duniani. Neno lenyewe ni rin, na maana yake ni deni hasa. Kwa hiyo kudaiwa si najisi. Tena kila mwaka, wakati wa Diwali, tunafanya Chopda Pujan: wafanyabiashara huleta vitabu vipya vya hesabu vikabarikiwa, kurasa ya kwanza ikaandikwa maneno ya heri na faida. (Siku hizi zinaletwa kompyuta za mapajani, na kuhani huzitia tika bila kulalamika.) Lakini kabla ya kitabu kipya kufunguliwa, cha zamani hufungwa. Tunajua nani anatudai na nani tunamdai. Waswahili nao wamesema mali bila daftari huisha bila habari, na msemo huo umekuwa ukutani mwa maduka ya mji huu tangu hatujazaliwa.

Ajabu ni kwamba mtu yuleyule ambaye daftari la duka lake ni safi, madeni ya nyumbani kwake hayamo katika daftari lolote. Yamo kichwani, na kichwani hayajumlishwi.

Sisi tulio nyuma ya kaunta tunayaona mambo haya kwa pembe ambayo wengine hawana. Tunajua dalili zake. Mteja aliyekuwa akichukua mifuko mitano ya unga kwa wiki huanza kuchukua miwili, kisha anabadilisha njia ili asipite mbele ya duka. Anazima simu moja na kufungua nyingine. Akija kulipa, halipi deni lililo ghali zaidi, humlipa anayepiga kelele zaidi. Hapo ndipo mambo huharibika. Mdai mpole huachwa, riba ikakua kimyakimya. Mdai mkali hupewa hata ile fedha ya kununulia bidhaa za kesho, na kesho ikifika hakuna cha kuuza.

Hapa mjini, kuanzia Ngamiani mpaka Makorora, hakuna asiyelijua jina la kausha damu. Tufanye hesabu pamoja, kwa mfano tu. Mama anayeuza mboga soko la Mgandini amekopa shilingi 200,000. Mkononi anapewa 180,000, kwa kuwa 20,000 zimekatwa kwa jina la fomu. Anatakiwa kurejesha 10,000 kila siku kwa siku 26. Akimaliza atakuwa ametoa 260,000, yaani 80,000 zaidi ya alichopokea, katika muda usiotimia mwezi. Wala hakukaa na fedha hiyo siku zote hizo, maana kufikia siku ya 13 alikwisha kurudisha 130,000. Sasa linganisheni: Benki Kuu imewawekea watoa huduma ndogo za fedha wa daraja la pili ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 200,000, hiyo ni 7,000. Mama huyu si mjinga. Aliichukua kwa sababu ilitolewa saa ileile, bila maswali, na kwa sababu hakuwa na mtu wa kukaa naye chini akamwonyesha hesabu tuliyoifanya sasa hivi.

Msidhani tunawasema majirani peke yao. Katika jumuiya yetu deni huvaa nguo nzuri. Harusi ya siku nne, ada ya mtoto aliyeko ng'ambo, kontena lililokaa bandarini mpaka gharama za kuhifadhi zikapita faida. Mkubwa wa nyumba hukopa benki kwa dhamana ya jengo, akakopa kwa shemeji ili alipe benki, akakopa kwa mshirika wa biashara ili amlipe shemeji, na kila mmoja kati yao anadhani ni yeye peke yake anayemdai. Tumewahi kusikia familia iliyoondoka mjini usiku. Walioumia zaidi hawakuwa wadai. Walikuwa wazee waliobaki, ambao waliacha kuja hekaluni kwa kuona haya. Neno letu la abru, yaani heshima ya nyumba, limewazuia watu wengi kuomba msaada wakati msaada ulikuwa bado rahisi.

Watoto wetu wanaijua hadithi ya Narsinh Mehta wa Junagadh, aliyewaandikia mahujaji hundi ya kulipwa Dwarka na Shamalsha, ilhali hakuwa na akiba yoyote huko, na Bwana mwenyewe akaja kwa sura ya mfanyabiashara akailipa. Ni hadithi ya imani nasi tunaipenda. Ila neno hundi, ambalo Kiswahili kimelipata kutoka kwa babu zetu, siku hizi ni karatasi ambayo benki huirudisha akaunti ikiwa tupu. Tusimwekee Shamalsha marejesho ya kila mwezi.

Sasa, je, kuna njia? Ipo, na imejaribiwa. Nchini Marekani, chama cha taifa cha washauri wa mikopo kilianzishwa mwaka 1951. Uingereza, ambako wengi wetu tuna ndugu Leicester na London, lipo shirika la hisani liitwalo StepChange, lililoanza mwaka 1993, ambalo humshauri mwenye madeni bila malipo. Tangu Mei 2021, sheria ya Uingereza na Wales humpa mtu aliyekwenda kwa mshauri nafasi ya kupumua ya siku 60, ambamo wadai wengi husimamisha riba na kumwacha apange mambo yake. Lakini mfano unaotugusa zaidi unatoka Mumbai. Mwaka 2006 Benki ya India ilifungua huko kituo cha ushauri kwa watu waliolemewa na mikopo, kikapewa jina Abhay. Mnaojua lugha mmekwisha kuelewa. Abhay ni hali ya kutokuwa na hofu. Ule mkono ulioinuliwa, kiganja mbele, mnaouona katika sanamu zetu, huitwa abhaya: maana yake usiogope. Aliyekiita kituo hicho hivyo alijua kwamba ugonjwa wa kwanza wa mwenye deni ni hofu, na hofu ndiyo inayomfanya asifungue barua wala kupokea simu.

Mshauri wa mikopo hufanya nini hasa? Halipi deni la mtu, wala hana uchawi wa kulifuta. Kazi yake ya kwanza ni karatasi. Hukaa na mdaiwa wakaandika kila deni: anadai nani, kimebaki kiasi gani, riba yake ni ngapi, tarehe gani, na dhamana ni nini. Kisha wanaandika mapato, na matumizi yasiyoepukika: chakula, kodi ya nyumba, shule, dawa, nauli. Kinachobaki ndicho kinachoweza kulipwa, na hakuna kingine.

Tuchukue mfano wa fundi mwenye duka dogo. Anadaiwa 1,200,000 na taasisi ya mikopo, 900,000 na kikoba, 600,000 na duka la jumla, na 300,000 za mikopo ya simu. Jumla ni milioni tatu. Wote wakidai sawasawa na tarehe zao, anatakiwa kutoa 390,000 kwa mwezi. Faida yake ni 600,000, na matumizi ya lazima ni 420,000. Zinabaki 180,000. Hesabu imekataa, na itaendelea kukataa hata akikesha. Ndiyo maana hukopa mkopo wa tano kulipa wa kwanza.

Lakini akienda kwa wadai wote na karatasi ileile moja, akawaambia kwamba anazo 180,000 na kila mmoja atapata kwa kadiri ya anachodai, basi taasisi itapata 72,000, kikoba 54,000, duka 36,000, na mikopo ya simu 18,000. Wakikubali kusimamisha riba, atakuwa amemaliza katika miezi 17. Huo ndio moyo wa ushauri wa mikopo popote ulipo: mpango mmoja, kiasi kinachowezekana, na wadai wote kuuona.

Mtauliza, mdai gani atakubali? Na hapa tuseme kama wadai, maana wengi wetu ndio hao. Tunakubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Shilingi 36,000 zinazokuja kila mwezi bila kufukuzana ni bora kuliko 600,000 za ahadi. Ukimpeleka mtu mahakamani unalipa wakili, unafunga duka siku za kesi, na mwishoni unapata televisheni ya zamani isiyouzika. Tena umempoteza mteja na jamaa zake. Kinachotufanya tukatae ni uongo: tukigundua kwamba jirani yetu mwenye duka alilipwa kwa siri wakati sisi tunaambiwa hakuna. Karatasi moja kwa wote huondoa shaka hiyo. Si kila mdai atakubali, na taasisi kubwa ina taratibu zake. Hata hivyo afisa mikopo huweza kupanga upya marejesho kwa urahisi zaidi mteja akifika kabla hajaanza kuchelewa kuliko akija miezi minne baadaye. Wakati, ndugu zetu, ndio nusu ya dawa. Tunasema dawa ya deni kulipa, na ni kweli. Lakini mgonjwa hufika kwa tabibu kwanza.

Yapo mambo ya sheria ambayo watu hawayajui, nasi tunayataja kwa ufupi. Aliyeweka nyumba rehani na akashindwa kulipa hawezi kuuziwa kesho yake. Sheria ya ardhi inataka kwanza apewe notisi ya siku 60. Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi, kwa hiyo kina mama, mkiletewa karatasi msaini huku chai inapoa, isomeni kwanza, na chai iache ipoe. Asiyeweza kumlipa wakili anaweza kutafuta wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mwenye malalamiko dhidi ya benki au taasisi iliyosajiliwa huanza kwa kuiandikia taasisi yenyewe, na asiporidhika hulifikisha jambo Benki Kuu, ambako liko dawati la malalamiko ya wateja.

Kwa mikopo ya simu, tahadhari ni moja: tazama leseni. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha watu mitandaoni bila kibali. Nyingi za aina hiyo huomba ruhusa ya kusoma orodha ya namba zilizomo katika simu, na ukichelewa siku mbili, bosi wako, mchungaji wako na mkwe wako wanapata ujumbe kwamba wewe ni mwizi. Tangu ipitishwe Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za mtu zina ulinzi, na aliyefanyiwa hivyo ana mahali pa kulalamika. Picha ya ujumbe huo ihifadhiwe, isifutwe kwa hasira.

Limebaki suala la jina. Kwa Kigujarati tuna neno shakh: ni ule uaminifu ambao mfanyabiashara anao sokoni, unaomwezesha kupewa mzigo leo akalipa baada ya mavuno. Babu zetu walikuja pwani hii wakiwa na shakh kuliko fedha. Zamani ilikaa vinywani mwa watu. Siku hizi imeandikwa. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012 ziliweka utaratibu wa taasisi zenye leseni kukusanya taarifa za wakopaji, na unapoomba mkopo benki, afisa huzitazama kabla hajakutazama wewe. Mkopaji ana haki ya kuiona taarifa yake na kupinga kilichokosewa. Na makosa yapo: mkopo uliokwisha kulipwa bado unaonekana wazi, au mtu anakutwa na deni la rafiki aliyemdhamini akasahau. Kwa hiyo, siku ya kumaliza deni, usitoke ofisini bila barua inayosema kwamba umemaliza. Iweke pamoja na cheti cha kuzaliwa.

Wapo vijana mjini wanaojitangaza kwamba kwa 50,000 au laki moja watafuta jina la mtu katika orodha hiyo. Hawawezi. Taarifa iliyo ya kweli haifutwi kwa hongo, na iliyo ya uongo hurekebishwa kwa kupeleka pingamizi na ushahidi. Jina hujengwa kwa mambo ya kuchosha: kulipa kidogo kwa tarehe, mwezi baada ya mwezi, kutoomba mikopo mitano kwa wiki moja, kutomdhamini mtu ambaye usingeweza kumlipia. Aliyekwisha kujikwamua akitaka kuanza upya, kikoba au SACCOS iliyosajiliwa ni mahali pazuri. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu waulize pia halmashauri juu ya mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani. Ile ni ya kuendeshea shughuli za kikundi, lakini. Anayeichukua kumlipia kausha damu ameongeza mdai wa sita.

Kwa kuwa mjini kwetu hakuna kituo cha aina ya Abhay, sisi wafanyabiashara kadhaa wa hekalu hili, pamoja na wahasibu wawili waliostaafu, tumeiomba kamati itupatie chumba kidogo kilicho kando ya maktaba, kila Alhamisi baada ya aarti ya jioni. Kamati imekubali kwa majaribio ya mwaka mmoja. Lilitolewa pingamizi, na si haki kulificha: kwamba madeni ya majirani si kazi ya hekalu, na kwamba tutajaza uani watu wanaotaka fedha. Tuliwajibu wenzetu kwamba majirani hawa ndio wateja wetu na wafanyakazi wetu, na deni lao lina sehemu kubwa ndani ya daftari zetu. Lililobaki tulilikubali, ndiyo maana tumeweka masharti.

Hakuna atakayekopeshwa chumbani humo, wala kulipiwa. Hakuna ada. Hakuna atakayeulizwa dini yake. Sharti zito ni hili: anayedaiwa na mmoja wetu hatahudumiwa na huyo mmoja, wala mdai huyo hataingia chumbani siku hiyo, maana mtu hawezi kuwa mshauri na mdai katika kiti kimoja. Karatasi itaandikwa kwa mkono, nakala moja tu, na mwenye deni ataondoka nayo. Sisi hatutabaki na jina wala namba. Kwa jumuiya yetu tumeongeza mlango: kile chumba kinafikika kwa nyuma, kupitia uchochoro wa jikoni, na taa ya uchochoro imerekebishwa wiki iliyopita.

Tunaanza Alhamisi ijayo. Anayekuja aje na karatasi zote alizonazo hata kama zimekunjwa na hazijafunguliwa, simu yake ikiwa na chaji, na kama ana mwenzi, aje naye akiweza. Asiyejua kusoma asijali, tutasomeana. Atakayetaka kwanza kuuliza tu bila kusema la kwake, aulize kama vile anamuulizia rafiki. Tumekubaliana kwamba hakuna atakayemuuliza rafiki huyo ni nani.